Kuhamisha Kumbukumbu za Umma: Kutoka Mashine Kuukuu Hadi Kwenye Wingu

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Msangano)



  

Kamati iliniomba nizungumze juu ya kazi ninayoifanya. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwa karibu miaka ishirini kazi yangu imekuwa mifumo ya kompyuta: kuitunza ile ya zamani, na kuihamisha pale inapochoka. Siku hizi kazi hiyo huitwa kuhamia kwenye wingu. Nilitaka nije na mazungumzo mepesi, lakini niliposoma ajenda ya mchana huu nikaona jambo moja lililonifanya nibadili mawazo. Chama chetu kinapendekeza kununua kompyuta kwa ajili ya shule, jambo jema kabisa. Lakini pendekezo hilohilo linasema kwamba stoo ya majalada isafishwe, karatasi za zamani zichomwe, na chumba hicho kiwe chumba cha kompyuta. Kwa hiyo leo nina ombi, na kabla ya kulitaja sina budi kueleza sababu zake.

Ndugu zangu, wengi wenu mmesikia neno wingu bila kuelezwa maana yake. Wingu hili halina uhusiano na yale yanayoleta mvua katika bonde letu. Mafundi wa simu na mitandao walipokuwa wakichora michoro yao, sehemu ya mtandao isiyohitaji kuchorwa kwa undani waliichora kwa alama ya wingu, na jina likabaki. Kwa kweli wingu lenyewe lipo ardhini. Ni jengo lenye kompyuta nyingi zenye nguvu ziitwazo seva, lenye umeme wa uhakika, jenereta, mitambo ya kupoza hewa, na walinzi mlangoni. Tanzania tunalo jengo la namna hiyo Kijitonyama, Dar es Salaam: ni Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, kinachosimamiwa na Shirika la Mawasiliano, TTCL.

Nitatoa mfano wa hapa nyumbani. Zamani kila kaya ilikuwa na kinu chake na mchi wake. Kinu kikipasuka, kaya hiyo ilibaki na mahindi yake mabichi. Ilipokuja mashine ya kusaga, watu wakaacha kununua vinu. Unakwenda na debe lako, unasagiwa, unalipia debe lako, basi. Hujui dizeli imenunuliwa lini wala mkanda umebadilishwa lini. Hayo ni ya mwenye mashine. Wingu ni mashine ya kusaga ya kijiji. Badala ya kila wizara na kila halmashauri kununua seva yake, chumba chake, jenereta lake na fundi wake, zote zinatumia mitambo ya pamoja, na kila moja inachukua kiasi inachohitaji.

Lakini ninyi mnaijua mashine ya kusaga. Siku ikiharibika, kijiji kizima kinalala na njaa, hata yule aliyekuwa na kinu kizuri akakitupa. Wema wa wingu na hatari yake vyote vimo katika mfano huo.

Sasa, kwa nini Serikali ihame? Kuna watu wanaodhani ni kupenda mambo mapya tu. Sivyo. Mfumo wa kompyuta unazeeka kwa namna tatu. Kwanza, chombo chenyewe huchakaa na vipuri hukosekana. Pili, mtengenezaji wa programu huacha kuitunza. Mwaka 2014 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masahihisho ya Windows XP, na tarehe 14 Oktoba, 2025 ikaacha kutoa masahihisho ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Inaendelea kuwaka kama kawaida, ila kila tundu jipya litakalogunduliwa na wezi hubaki wazi. Mwezi Mei, 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi nyingi, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu, kwa sababu kompyuta zake nyingi hazikuwa zimewekewa masahihisho yaliyokwisha kutolewa na mtengenezaji. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, watu waliouelewa mfumo hustaafu au huhama, na hubaki mashine inayofanya kazi bila mtu anayejua inaifanyaje.

Nchi yetu imehama mara nyingi katika miaka ya karibuni. Mwaka 2012 uliundwa Wakala wa Serikali Mtandao, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaufanya kuwa Mamlaka. Mwaka 2017 ukaanza mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG, ule unaotupatia namba ya kumbukumbu ya malipo, au kama tunavyosema mitaani, kontroo namba. Mwaka 2023 ununuzi wa umma ukahamia katika mfumo wa NeST uliojengwa na wataalamu wetu, ukichukua nafasi ya ule wa TANePS. Hapo Tunduma, ushuru wa forodha ulihama mwaka 2014 kutoka mfumo wa ASYCUDA kwenda TANCIS, na mwaka 2019 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde. Na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliojengwa kuanzia mwaka 2009, umefika Tunduma na kuunganishwa na Zambia. Mfumo wa forodha ukisimama kwa saa chache, malori yanapanga foleni, madereva wanalala barabarani, na mzigo unaooza unaoza. Kwa hiyo watu wa mkoa huu hawahitaji kuhubiriwa kwamba kompyuta ya Serikali ni jambo la maisha.

Nchi yetu inalo pia funzo la zamani. Kompyuta ya kwanza iliingia nchini mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Ikaonekana kwamba hesabu za Serikali zihamishiwe kwenye mashine. Kazi hiyo ilikwenda kombo mwanzoni mwa miaka ya sabini, hesabu zikavurugika, na kazi ikarudishwa mikononi mwa makarani na leja zao. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Bila shaka kulikuwa na sababu nyingine pia, kwani fedha za kigeni zilikuwa haba. Hata hivyo lile donda la hesabu lilikuwa na sehemu yake. Marufuku hiyo ilidumu muda mrefu, na mpaka ilipofika miaka ya tisini mlango ulipofunguka, dunia ilikuwa imekwenda mbali. Uhamishaji mbaya mmoja unaweza kuitia nchi nzima woga kwa karibu miaka ishirini. Kijana anayeharakisha kazi ya kuhamisha kumbukumbu afahamu kwamba akikosea, anaweza kuwafungia mlango na hao watakaokuja baada yake.

Ndugu Mwenyekiti, sasa niseme la kwangu mwenyewe. Sijawahi kulisema mbele ya watu wengi.

Mwaka 2014 nilikuwa katika kikundi cha kuhamisha kumbukumbu za malipo ya wastaafu katika ofisi moja, ambayo sitaitaja. Mfumo wa zamani ulikuwa katika kompyuta moja chini ya meza, programu yake imeandikwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na aliyeiandika alikuwa hayupo tena kazini. Tulitakiwa kuzihamishia kumbukumbu zote katika seva ya pamoja, iliyo mbali na ofisi, na kuizima ile kompyuta. Tulipewa tarehe. Sherehe ilikwisha pangwa.

Programu ile ya zamani, ili kubana nafasi, iliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu. Mtu aliyezaliwa 1947 aliandikwa 47. Mwaka 1999, watu walipokuwa na hofu ya kuingia mwaka 2000, fundi mmoja aliweka kiraka ndani ya programu: mwaka wowote wa kuzaliwa, usome kuwa ni wa elfu moja mia tisa na kitu. Kiraka kizuri kabisa. Lakini kilikuwa ndani ya programu, si ndani ya kumbukumbu zenyewe. Sisi tulibeba kumbukumbu na tukaiacha programu, kwa hiyo kiraka kilibaki nyuma. Programu mpya ilikuwa na kanuni yake: tarakimu 50 hadi 99 ni miaka ya elfu moja mia tisa, tarakimu 00 hadi 49 ni miaka ya elfu mbili. Kwa hiyo aliyezaliwa 1952 alipita salama. Aliyezaliwa 1947 akaandikwa kuwa atazaliwa mwaka 2047.

Mtauliza, hamkufanya majaribio? Tulifanya. Tuliyafanya kwa majina ya watumishi waliokuwa kazini na wachache waliostaafu karibuni. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezaliwa kabla ya 1950. Majaribio yalifaulu yote, tukapongezana.

Mfumo mpya ulikuwa mwangalifu. Haukumlipa mtu ambaye tarehe yake haieleweki. Ulimweka kando katika orodha ya waliositishwa. Orodha hiyo kila mwezi ililetwa kwa mtu mmoja aikague. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nami, ndugu zangu, nilipoona majina ya watu wenye tarehe za ajabu, sikujiuliza tumekosea wapi. Wakati ule kila mmoja wetu alikuwa akisikia habari za majina hewa katika orodha za malipo. Nikaamini tumewanasa. Nikaandika katika taarifa yangu kwamba mfumo mpya umegundua majina ya kutiliwa shaka na kuokoa fedha za umma. Nikasifiwa kwa taarifa ile.

Mwezi wa tatu akaja mzee mmoja. Alikuwa fundi wa mabomba ya maji kabla ya kustaafu. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, na alikwisha kuzungushwa madirisha mawili kabla ya kufika kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akafungua kitambaa alichofungia karatasi zake. Nikamweleza kwamba kumbukumbu zake zina kasoro ya tarehe. Akauliza kasoro gani. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe. Akasoma polepole, akanitazama, akasema, "Mwanangu, mashine yenu inasema mimi sijazaliwa?"

Hakusema kwa hasira. Alicheka kidogo. Halafu akanieleza kwamba mkewe alikuwa mgonjwa wa kisukari, na kwamba kwa miezi hiyo mitatu alikuwa ameuza mabati aliyoyanunua ili kuezeka nyumba yao.

Alikuwa na barua yake ya ajira. Lakini barua peke yake haikutosha. Mtu yeyote anaweza kuleta barua. Ilitakiwa ilingane na jalada la ofisini. Na majalada yale, baada ya kumbukumbu kuingizwa kwenye kompyuta, yalikwisha pangiwa kuchomwa moto. Yalikuwapo bado kwa sababu moja tu: karani wa masijala, mama mmoja aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, alikuwa amekataa kutia saini. Alisema hatachoma kitu ambacho hajaona wakubwa wakikilinganisha na kilicho ndani ya mashine. Sisi wasomi tulimwona mkaidi. Siku ile alilitoa jalada la mzee katika muda usiozidi dakika kumi. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: barua ya ajira, vyeti, uthibitisho kazini, hata ombi la likizo la mwaka 1973.

Mzee alilipwa malimbikizo yake yote, na wengine wote waliokuwa katika orodha ile wakatafutwa mmoja mmoja. Wengine hatukuwapata kwa urahisi, na wawili tuliwakuta wamekwisha kufariki. Malipo yao yakaenda kwa warithi. Siwezi kusema walikufa kwa sababu yetu. Siwezi pia kusema kwamba miezi ile haikuwaongezea mzigo. Niliandika taarifa ya pili kuifuta ile ya kwanza. Hiyo ya pili haikusifiwa, lakini ndiyo taarifa ninayojivunia kati ya zote nilizopata kuandika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na walisema tena, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali zote mbili zinahusu kazi yangu.

Sasa nitataja mambo niliyojifunza, ili vijana wanaokusudia kuingia katika kazi hii wayajue mapema.

La kwanza: fagia kabla ya kuhama. Mtu anayehama nyumba na takataka zake zote atazikuta huko aendako. Kumbukumbu zisahihishwe zikiwa bado katika mfumo wa zamani, ambako wapo watu wanaozielewa. Na aulizwe karani, si mkuu wa idara peke yake. Karani ndiye anayejua kwamba herufi fulani pembeni ya jina ina maana fulani, ingawa haikuandikwa popote.

La pili: mifumo miwili iende sambamba. Kwa miezi kadhaa, lipa kwa mpya na piga hesabu kwa wa zamani. Ikitokea tofauti ya hata shilingi moja, simama ujue sababu. Kazi hii inachosha na inagharimu fedha, na viongozi wengi hawaipendi kwa sababu haina sherehe. Lakini tarehe ya sherehe isiwe ndiyo inayoamua siku ya kuzima mashine.

La tatu: majaribio yafanywe kwa watu wa pembezoni. Mchukue mzee kuliko wote, mjane, mwenye majina manne, aliyeajiriwa mara mbili, asiye na namba ya simu. Mtumishi wa kawaida hawezi kukuonyesha kosa.

La nne: jua wingu lako liko wapi. Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika huko kusini, na intaneti ikazorota katika Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Ofisi ambayo kumbukumbu zake zilikuwa katika seva za ng'ambo ilikaa ikisubiri meli ya kutengeneza waya. Iliyokuwa na kumbukumbu zake ndani ya nchi, zikipita katika Mkongo wetu wenyewe, ilikuwa na nafuu. Kuna pia suala la sheria. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Taarifa za mgonjwa wa zahanati ya kijijini ni za mgonjwa huyo, wala ofisi inayozitunza haina haki ya kuzipeleka popote inapotaka.

Lakini tusijidanganye kwamba ndani ya nchi peke yake kunatosha. Tarehe 26 Septemba, 2025 moto ulitokea katika kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini, katika mji wa Daejeon. Ulianzia kwenye betri. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zilizoendelea sana duniani kwa kompyuta, na kituo kilikuwa chao wenyewe, ndani ya nchi yao. Mifumo zaidi ya 600 ya Serikali ilisimama. Ghala moja ambamo watumishi wa Serikali walikuwa wakiweka nyaraka zao za kazi liliteketea kabisa, na halikuwa na nakala mahali pengine. Sababu iliyotolewa ni kwamba lilikuwa kubwa mno kulinakili. Walikuwa na wingu, nalo likaungua.

Kwa hiyo kanuni ya mafundi ni hii: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Nchi ya Estonia imekwenda mbele zaidi. Mwaka 2017 ilikubaliana na Luxembourg, ikaweka huko nakala za kumbukumbu zake muhimu katika seva zenye hadhi kama ya ubalozi, ili hata nchi ikivamiwa, kumbukumbu za raia zisipotee. Hatulazimiki kuiga kila kitu, lakini fikra yenyewe ni nzuri.

La tano: mkataba useme namna ya kutoka. Tunaposaini na mwenye mashine ya kusaga tunafurahia bei ya kwanza. Tuulize pia, siku tukitaka kuondoka na unga wetu, atatupa katika gunia la aina gani, kwa siku ngapi, kwa bei gani? Ofisi isiyouliza hayo haijakodi huduma, imejifunga.

Ndugu Mwenyekiti, narudi kwenye stoo yetu.

Sisi tuliosoma hapa miaka ya tisini tulikuwa watu wa Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 Momba ikawa wilaya. Mwaka 2016 Songwe ikawa mkoa. Sisi wenyewe hatukuhama hata hatua moja, lakini majalada yetu yamehama ofisi mara mbili, katika magari, katika maboksi, katika mikono ya watu waliokuwa na haraka. Kila mmoja wetu aliyewahi kutafuta karatasi ya zamani anajua maana ya maneno haya. Sasa mtu wa umri wangu akitakiwa kuthibitisha tarehe yake ya kuzaliwa, au jina la baba yake kama lilivyoandikwa alipokuwa mtoto, aghalabu ushahidi wa zamani kuliko wote ni rejista ya shule aliyosoma. Rejista ya shule yetu imo katika stoo ile. Nimeiona jana jioni. Jalada lake limeliwa na mchwa pembeni, lakini majina yanasomeka. Nimeliona jina langu, na la marehemu rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, kwa mwandiko wa mwalimu wetu.

Sipingi kompyuta. Ningekuwa mtu wa ajabu kuzipinga, maana ndizo zinazonilisha. Vijana wetu wanazihitaji, na wanazihitaji sasa. Ninaloomba ni kwamba mkutano huu uligawe lile pendekezo katika sehemu mbili. Sehemu ya kununua kompyuta ipite leo. Sehemu ya kuchoma karatasi iondolewe, na badala yake tuamue hivi: rejista na majalada yapangwe kwa miaka, kila ukurasa upigwe picha, majina yaingizwe kwenye kompyuta na wanafunzi wa kidato cha tatu chini ya mwalimu wao, mmoja akisoma na mwingine akiandika, kisha jozi nyingine ihakiki, nakala moja ibaki shuleni, ya pili iwekwe katika ofisi ya elimu ya wilaya, ya tatu iwekwe katika wingu ikiwa imefungwa kwa neno la siri linalojulikana na watu wawili. Karatasi zenyewe ziwekwe katika kabati la chuma. Kabati hilo nitalinunua mimi. Kwa chumba cha kompyuta, wapo mafundi ujenzi katika mkutano huu, na nimeona tofali pale nyuma ya bwalo.

Na ninyi wanafunzi, neno la mwisho ni lenu. Mtaambiwa kwamba kazi ya kompyuta inahitaji hisabati na Kiingereza. Ni kweli, someni kwa bidii. Lakini kosa nililowasimulia halikutokana na kutojua hisabati. Nilikuwa na shahada, na hesabu ile hata mtoto wa darasa la nne angeiweza. Kosa lilitokea kwa sababu nilipoona jina lenye kasoro, nilimshuku mwenye jina kabla ya kuishuku kazi yangu. Siku mtakapokaa mbele ya mashine, na mashine ikawaambia kwamba mzee aliyeketi mbele yenu hajazaliwa, mwaminini mzee kwanza, ndipo mkaikague mashine.